Kiungo na Mkataba Wake

Jumapili moja tulitoka Mbarara kwenda makazi ya wakimbizi ya Nakivale kuandikisha vibarua, tukakuta mpira unachezwa. Baada ya mchezo kijana mmoja Mkongo alitutolea karatasi ya wakala: alipe kwanza, ndipo apelekwe ng'ambo kucheza. Mshahara haukutajwa popote.

Tukamsimulia habari za Micheal Azira, kiungo mkabaji wa Uganda. Huyu alikwenda Marekani kwa njia ya chuo, akachezea Charleston Battery, na mwaka 2014 akaingia Seattle Sounders. Baadaye akahamia Colorado Rapids. Kazi yake ilikuwa kunyang'anya mpira na kuwapa wenziwe. Sifa za magoli walichukua wengine. Wachumaji chai mtamwelewa.

Tena wachezaji wa ligi ile wana chama chao. Kinajadiliana mkataba wa pamoja, na kinachapisha mshahara wa kila mchezaji. Mwaka 2015 nusura wagome kabla ya msimu kuanza, ndipo wachezaji wa miaka mingi wakapata haki ya kujichagulia timu.

"Mshahara wa kila mtu?" kijana akauliza. "Hata wa kiungo?"

Akaikunjua tena karatasi ya wakala, akatuomba tumsomee polepole.