Kuvu Iliyoua Mibuni ya Babu

Mhariri wa sehemu yetu ya Kiswahili ameniandikia akiniomba, mimi niliye mwanafunzi wa zamani wa shule hii, nieleze kidogo juu ya kazi yangu ya ubwana shamba. Kwanza nilitaka kuandika habari za mbolea, lakini habari hizo mtazisoma vitabuni. Afadhali niwaeleze habari za kuvu, maana kuvu ilikaribia kunitoa katika shule hii hata kabla sijaingia.

Sidhani kama yuko kati yenu asiyeijua kuvu. Ni ule ukungu wa kijani juu ya mkate uliosahauliwa kabatini, ni uyoga uotao kwenye kichuguu baada ya mvua, ni mapunye kichwani mwa mtoto. Watu wengi huihesabu kuwa mmea mdogo, nao wanakosea. Mmea hujitengenezea chakula kwa nuru ya jua kwa sababu una majani ya kijani. Kuvu haiwezi kazi hiyo. Lazima ile kilichotengenezwa na mwingine, kiwe kizima au kimekwisha kufa. Mwili wake ni nyuzi nyembamba sana, na uzao wake ni vijimbegu vidogo kama vumbi, ambavyo huchukuliwa na upepo, na maji, na wadudu, na mikono ya watu. Hiyo mikono ya watu ndiyo nitakayoieleza zaidi.

Babu yangu alikuwa na shamba la kahawa ya robusta upande wa Mukono, katika Uganda. Robusta ni mti wa asili ya kwetu. Wazee walikuwa wakitafuna buni kavu na kumkaribisha mgeni kwazo zamani sana, kabla hajaja mtu wa kuzinunua kwa magunia. Ada yangu ya shule, sabuni yangu na blanketi langu, vyote vilining'inia juu ya mibuni ile. Mwaka 1998, nilipokuwa darasa la sita la primari, mbuni mmoja karibu na njia ulianza kunyauka upande mmoja. Majani yalikunjika, yakawa manjano, yakaanguka. Matunda yaliiva kabla ya wakati wake, yakabaki kwenye matawi matupu. Babu akautazama akasema, "Mjukuu wangu, mti huu una kiu." Basi nikatumwa kisimani, nikaumwagia madebe ya maji jioni hata jioni. Baada ya miezi michache mti ule ulikuwa kuni.

Maneno ya Babu yalikuwa na kweli kuliko alivyojua mwenyewe. Ndani ya shina mna mirija midogo ipandishayo maji kutoka mizizini mpaka majanini. Kuvu hii huingia ndani ya mirija hiyo, ikatandaza nyuzi zake humo na kuiziba. Mti hufa kwa kiu, hali umesimama katika udongo uliolowa. Ukikwangua gome karibu na ardhi utaona madoa ya buluu iliyoiva, karibu kuwa nyeusi, katika mti ulio chini ya gome. Mbuni uliokaushwa na jua tu hauna madoa hayo. Sisi hatukukwangua. Tulimwaga maji.

Sasa, kuvu huingiaje? Kwa kawaida huingia penye jeraha, hasa sehemu ya chini ya shina. Na ni nani atiaye jeraha mahali pale? Ni mpaliliaji. Jembe likiteleza likagonga shina, gome huchubuka, mlango ukafunguka. Panga lililokata tawi la mti mgonjwa likipelekwa moja kwa moja kwenye mti mzima, hupeleka ugonjwa kama sindano chafu. Mpaliliaji wa shamba la Babu nilikuwa mimi, nami nilikuwa mtoto mwenye haraka ya kwenda kucheza mpira.

Tena liko jambo jingine ambalo sikulisema nyumbani kwa miaka mingi. Miti ilipokauka tuliikata, na kwa kuwa kuni za mbuni huwaka vizuri, Babu alinituma nimpelekee shangazi mzigo mmoja. Niliuburuta katikati ya mibuni yake mpaka jikoni. Mwaka uliofuata ya kwake nayo ikaanza kunyauka, ikianzia kando ya njia ya jikoni. Siwezi kuapa kwamba ni kuni zile, kwa maana upepo na mvua navyo hueneza vijimbegu. Lakini leo, nikiwa kazini, nikiona mtu amebeba kuni za mbuni uliokufa ndani ya shamba la kahawa, humsimamisha.

Ugonjwa huu haukuwa mgeni katika Afrika. Ulionekana mara ya kwanza mwaka 1927 katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, halafu ukaharibu mashamba mengi huko na katika Kongo. Katika miaka ya 1950 watu waling'oa miti mingi sana wakaichoma, wakapanda aina zilizoweza kuuvumilia, na ugonjwa ukatulia hata wengi wakausahau. Kumbe ulikuwa haujakwisha. Katika miaka ya 1970 ulirudi kaskazini mashariki ya Kongo, na mwaka 1993 ukaonekana Bundibugyo, ng'ambo ya mpaka. Ilipofika 2002, karibu nusu ya mibuni ya robusta katika Uganda ilikuwa imekufa. Msimu wa 1996/97 nchi iliuza nje magunia zaidi ya milioni 4 ya kilo 60. Msimu wa 2005/06 iliuza kama milioni 2 tu. Sisemi kuvu peke yake ndiyo iliyofanya hivyo, maana bei nayo ilianguka vibaya katika miaka ile, na wakulima wengine waliacha mashamba yakawa msitu.

Ajabu ni kwamba kahawa ya arabika, kule kwenye miteremko ya mlima Elgon, haikuguswa. Kuvu iliyoingia Uganda huchagua robusta. Katika Ethiopia iko ndugu yake ambayo huchagua arabika.

Hakuna dawa ya kunyunyizia itakayouponya mbuni uliokwisha kuingiliwa. Mti mgonjwa hung'olewa na mizizi yake, ukachomwa pale pale uliposimama. Panga na jembe hupitishwa motoni kabla ya kwenda mti mwingine, na magugu yaliyo karibu na shina hung'olewa kwa mkono. Mche mpya haupandwi mara moja katika shimo lile lile. Wataalamu wa Kituza, karibu na Mukono, walitafuta miti iliyobaki mizima katikati ya iliyokufa, wakaijaribu kwa kuipa ugonjwa makusudi, wakapata aina 7 zinazousimamia. Waliziita KR1 mpaka KR7. Hizo huoteshwa kwa vipande vya matawi. Ukipanda mbegu yake huwezi kutumaini nguvu ile ile, kwa kuwa robusta huchanganya mbegu na majirani. Shangazi anazo zaidi ya 200 sasa, nami ndiye niliyemletea miche ya kwanza.

Liko kundi jingine la kuvu lipendalo ghala. Mahindi au karanga zikiwekwa kabla ya kukauka vizuri, huota ukungu wa kijani au wa manjano, na baadhi ya kuvu hizo hutoa sumukuvu. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika Uingereza kwa kula chakula cha karanga zilizotoka Brazil, na hapo ndipo wataalamu walipoanza kuitambua sumu hiyo. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yaliyovunda, na 125 wakafa. Ini ndilo liumizwalo. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka haanguki siku ile, lakini humjengea ini lake saratani. Kupika hakuiondoi sumu hiyo, wala kuchagua punje mbaya kwa macho hakutoshi. Mkitaka kujua kama mahindi yamekauka, tieni punje chache na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, mkaitikise kwa dakika chache. Chumvi ikishikamana na kioo, rudisheni mahindi juani.

Mwisho nitaje mapunye, kwa sababu nayakumbuka mabweni yetu. Kuvu ile hula ngozi na nywele, nayo huenda toka kichwa hata kichwa kwa kitana na mashine ya kunyolea, sawasawa na ile ya mibuni iendavyo kwa panga. Wakati wetu mashine moja ilinyoa bweni zima Jumamosi moja, na hakuna aliyeifuta. Dawa ya kumeza iliyotumika tangu 1958, griseofulvini, yenyewe ilipatikana katika kuvu nyingine, jamii moja na ile iliyotupa penisilini. Kupaka mafuta ya dawa juu ya nywele peke yake hakutoshi, maana kuvu imo ndani ya unywele. Vidonge hivyo humezwa kwa majuma 6 mpaka 8. Mimi niliacha baada ya majuma mawili, nikaona nimepona, nikarudi zahanati muhula uliofuata na wenzangu watatu wa vitanda vya jirani.