Kiti Kinapobaki Wazi: Kifo cha Dikteta na Mrithi Asiyejaribiwa

Dikteta anapofia madarakani, jambo la kwanza kufichwa ni kifo chenyewe. Kwa saa chache, pengine siku mbili tatu, wanaojua ni wachache: daktari, mpambe, mkuu wa usalama, watu wa nyumbani. Ukimya huo una kazi yake. Mahali ambapo amri zote hutoka kwa mtu mmoja, habari ya kifo chake huzifuta zote kwa mkupuo, na kila mwenye bunduki huanza kujiuliza amtii nani. Waliowahi kuipata habari hupata muda wa kufunga mipaka na viwanja vya ndege, kuwaita makamanda, kupima nani yuko upande gani, na kukubaliana jina la kutangazwa pamoja na msiba. Kim Jong Il wa Korea Kaskazini alifariki tarehe 17 Desemba 2011; wananchi wake waliambiwa tarehe 19, na katika tangazo hilo hilo mwanawe Kim Jong Un akatajwa kuwa ndiye wa kufuatwa.

Wengi hutarajia utawala wa namna hiyo ubomoke mara tu mwenyewe anapozikwa. Mara nyingi haubomoki. Wanasayansi wa siasa Andrea Kendall-Taylor na Erica Frantz waliwachunguza watawala wa kimabavu 79 waliofia madarakani kati ya mwaka 1946 na 2014, wakakuta kwamba katika zaidi ya visa tisa kwa kila kumi, utawala uliendelea. Waliokuwa wakila pamoja na marehemu wanajua kwamba wakigombana hadharani watapoteza wote, kwa hiyo hukaa chini wakapatana. Linaloshangaza zaidi ni mtu wanayempata. Mara kwa mara huwa kijana ambaye hajawahi kuongoza wizara, hajawahi kushinda vita, na hajulikani na wananchi isipokuwa kwa jina la baba yake.

Chanzo cha jambo hilo kimo katika hofu ya mtawala mwenyewe. Akishamtaja mrithi mwenye nguvu, maofisa, wafanyabiashara na mabalozi huanza kuhamia kwa huyo anayekuja, na huyo anayekuja huanza kuona siku hazisogei. Mwanasayansi wa siasa John Herz aliliandika tatizo hili mwaka 1952, na mchumi Gordon Tullock akalichambua tena mwaka 1987. Ndiyo maana makamu hubadilishwa mara kwa mara, na majenerali wanaopendwa na askari huishia ubalozini nchi za mbali. Mtoto wa kumzaa huonekana nafuu: bado ni kijana, anaweza kusubiri, na kila alichonacho amekipata kwa baba. Lakini hayo yanayomfanya baba asimwogope ndiyo yanayomnyima mafunzo. Hapewi jeshi lake, kundi lake wala nafasi ya kukosea na kujirekebisha.

Wazee wanaobaki nao wana hesabu zao. Mwenye jeshi hamwamini mwenye usalama wa taifa, na mwenye hazina anawaogopa wote wawili. Yeyote kati yao akipanda, wengine wanajua watakachofanyiwa, kwa kuwa ndicho ambacho wao wangemfanyia. Kijana asiye na watu wake hamtishi mtu yeyote kati yao, na kila mmoja hujiambia kwamba yeye ndiye atakayemshika mkono. Udhaifu wa mrithi, basi, ndio unaompa kiti. Kuna nchi zilizobadilisha katiba ili udhaifu huo upite mlangoni. Nchini Haiti umri wa chini wa rais ulishushwa kutoka miaka 40 hadi 18 mwanzoni mwa mwaka 1971, na Aprili mwaka huo Jean-Claude Duvalier akamrithi baba yake akiwa na miaka 19. Syria ilishusha kutoka 40 hadi 34 siku ile ile aliyofariki Hafez al-Assad, tarehe 10 Juni 2000. 34 ndio uliokuwa umri wa mwanawe Bashar.

Kisa kinachoonyesha mambo haya kwa uwazi mkubwa kuliko vingine ni cha Kongo. Laurent-Désiré Kabila aliingia Kinshasa Mei 1997 baada ya kumwangusha dikteta Mobutu, akatawala kwa amri zake mwenyewe, na kuanzia Agosti 1998 akawa vitani na Rwanda na Uganda, washirika wake wa jana. Hapakuwa na makamu wa rais wala bunge lililochaguliwa. Bunge la mpito lililokuwepo aliliteua mwenyewe. Mchana wa tarehe 16 Januari 2001 alipigwa risasi ofisini kwake Kinshasa na mlinzi wake, Rashidi Kasereka, mmoja wa wale kadogo, askari watoto waliotembea naye kutoka mashariki. Kasereka aliuawa papo hapo, na siri nyingi zikaenda naye.

Jioni hiyo Kanali Eddy Kapend, mpambe wa rais, alitokea kwenye televisheni akiwaamuru makamanda watulie na mipaka ifungwe. Hakusema rais amekufa. Mwili ulisafirishwa hadi Harare, na serikali ikashikilia kwamba Mzee, kama alivyoitwa, amejeruhiwa na anatibiwa. Kifo kilithibitishwa tarehe 18. Kufikia hapo mawaziri na makamanda walikuwa wamekwisha kumkabidhi uongozi Joseph Kabila, meja jenerali wa miaka 29 aliyekuwa mkuu wa jeshi la nchi kavu. Alizaliwa Fizi, Kivu Kusini, akakulia na kusoma Tanzania, ambako baba yake aliishi uhamishoni kwa miaka mingi. Kiswahili na Kiingereza alivimudu. Kifaransa chake kilikuwa cha kusitasita na Kilingala hakukijua vizuri, upungufu mkubwa kwa mtu wa kutawala kutoka Kinshasa. Mitaani palizagaa uvumi kwamba yeye si mtoto wa Mzee kabisa, na wapinzani wake waliutumia uvumi huo kwa miaka mingi.

Waliompendekeza hawakuwa wamegundua kipaji. Wiki chache kabla ya mauaji, mji wa Pweto huko Katanga ulikuwa umeangukia mikononi mwa jeshi la Rwanda na waasi wa kundi la RCD, na jeshi la serikali lilikuwa hoi. Kinshasa yenyewe ilitegemea askari wa Angola na Zimbabwe. Mzee yeyote wa serikali ambaye angejitangaza angelazimika kupambana na wenzake na pia kuwaridhisha wageni hao wenye silaha. Jina la Kabila mdogo liliwaunganisha walioogopana. Liliwahakikishia Robert Mugabe wa Zimbabwe na José Eduardo dos Santos wa Angola kwamba mkataba wao na familia hiyo haujavunjika, na liliwapa watu wa Katanga, jimbo la ukoo wa Kabila, uhakika kwamba madaraka hayatoki nyumbani. Mazishi yalifanyika tarehe 23 Januari, na tarehe 26 akaapishwa.

Miezi michache iliyofuata iliwashangaza waliomweka. Siku ile ile ya kuapishwa alizungumzia amani, mazungumzo na mageuzi ya uchumi. Kabla wiki moja haijaisha alikuwa ameshafika Paris na Washington, na huko Marekani alikutana na Rais Paul Kagame wa Rwanda, adui mkuu wa baba yake. Mkataba wa Lusaka wa kusitisha vita, wa Julai 1999, ambao baba aliutia saini kisha akaukwamisha, ulianza kutekelezwa. Ketumile Masire, msuluhishi ambaye baba alimkataa, alikaribishwa tena. Askari wa Umoja wa Mataifa wakaruhusiwa kusambaa, na Machi 2001 majeshi yakaanza kurudi nyuma kutoka mstari wa mapambano. Mwezi Mei thamani ya faranga iliachwa ijipange sokoni, na Shirika la Fedha la Kimataifa likarudi mezani. Kabla ya hapo bei zilikuwa zikipanda zaidi ya mara tano kwa mwaka.

Hapa ndipo penye jambo ambalo waliomchagua hawakulipigia hesabu. Mrithi mchanga hana heshima ya baba, lakini pia hana madeni yake. Vita havikuwa vyake, matusi yaliyotupwa kwa majirani hayakutoka kinywani mwake, na akibadilisha msimamo haonekani amesalimu amri. Zaidi ya hapo, Kabila alihitaji marafiki wasiotoka ndani ya serikali yake. Kila safari ya nje, kila msaada na kila kikosi cha Umoja wa Mataifa kilimpa nguvu ambayo wazee wa Kinshasa hawakuweza kumnyang'anya. Amani ilikuwa njema kwa Wakongomani waliochoka kufa. Kwake ilikuwa pia silaha dhidi ya walezi wake.

Silaha ya pili ilikuwa uchunguzi wa mauaji. Kapend, ambaye sauti yake ndiyo iliyoshikilia nchi jioni ile ya kwanza, alikamatwa kabla hata ya miezi miwili kupita. Zaidi ya watu 100 walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na Januari 2003 yeye na wengine kadhaa walihukumiwa kifo. Hukumu hiyo haikutekelezwa. Kapend alikana siku zote, na alitoka gerezani mwaka 2021 kwa msamaha wa rais. Nani hasa aliyepanga mauaji yale, kesi haikueleza kwa namna inayoridhisha, na kwa familia zilizokaa miaka 20 zikingoja jibu hilo ni dhuluma isiyosahaulika. Aprili 2001 baraza la mawaziri lilivunjwa na vigogo wa enzi ya baba wakaachwa nje, akiwemo Abdoulaye Yerodia Ndombasi. Nafasi zao zilichukuliwa na watu wapya waliomtegemea yeye, mmoja wao Augustin Katumba Mwanke. Hata hivyo mlango haukufungwa kwa kufuli: Yerodia alirudi mwaka 2003 akiwa mmoja wa makamu wanne wa rais, pamoja na Jean-Pierre Bemba na Azarias Ruberwa, waliokuwa viongozi wa waasi, na Arthur Z'ahidi Ngoma wa upinzani.

Kuwaondoa waliokuweka ni hatua ambayo karibu kila mrithi wa aina hii huifikia. Tofauti ni ukali wake. Miongoni mwa wazee waliotembea kandokando ya gari la jeneza la Kim Jong Il walikuwepo Ri Yong Ho, mnadhimu mkuu wa jeshi, na Jang Song Thaek, mume wa shangazi wa kijana. Ri aliondolewa Julai 2012. Jang aliuawa Desemba 2013. Anayechelewa hatua hiyo huweza kuondolewa yeye. Hua Guofeng wa China, aliyeteuliwa na Mao, aliwakamata wapinzani wake wanne wakubwa chini ya mwezi mmoja baada ya kifo cha Mao, Septemba 1976, lakini alifanya hivyo kwa mikono ya wazee wa jeshi na chama. Kufikia mwisho wa mwaka 1978 wazee hao walikuwa upande wa Deng Xiaoping, na mwaka 1981 Hua akapoteza uenyekiti wa chama. China ilikuwa na chama kilichotangulia utawala wa Mao na kilichojua kuishi bila yeye; mahali ambapo chama kimezaliwa na mtawala, jina la ukoo huwa na uzito zaidi.

Swali gumu ni kwa nini mlango ambao Kabila aliufungua ulibaki wazi kwa miaka kadhaa, na ule wa Bashar al-Assad ukafungwa mapema. Wote wawili walipokelewa kwa matumaini. Bashar alikuwa daktari wa macho aliyesomea London, akaitwa nyumbani mwaka 1994 baada ya kaka yake Bassel kufa ajalini. Miezi yake ya kwanza wafungwa wa kisiasa mamia waliachiwa, gereza la Mezzeh likafungwa, na raia wakaanza kukutana majumbani kujadili siasa. Kufikia Septemba 2001 waliokuwa mstari wa mbele, kama mbunge Riad Seif, walikuwa wamekamatwa. Jibu halimo katika tabia za vijana hawa peke yake. Kabila alirithi nchi iliyogawanyika, hazina tupu na jeshi lililoshindwa. Asingeweza kujenga nguvu bila kugawana. Bashar alirithi vyombo vya usalama vilivyo kamili, vyenye masikio kila mtaa, na uhuru wowote aliowapa raia ulivitisha vyombo hivyo hivyo vilivyomshikilia. Alibaki hadi Desemba 2024, baada ya vita vilivyoua mamia ya maelfu.

Majirani nao huamua mengi. Eyadéma wa Togo alipofariki Februari 2005, jeshi lilimweka mwanawe Faure Gnassingbé usiku ule ule, huku spika aliyepaswa kushika nafasi akizuiwa kurejea nchini. Umoja wa Afrika na jumuiya ya Afrika Magharibi walikataa, na Faure akajiuzulu kwa muda, akagombea uchaguzi wa Aprili, akatangazwa mshindi huku damu ikimwagika. Shinikizo lilibadilisha utaratibu, halikubadilisha mtu. Chadi mwaka 2021 haikupata hata shinikizo hilo: siku Idriss Déby alipotangazwa kufa, mwanawe Mahamat alitajwa kuongoza baraza la kijeshi, na Ufaransa ikahudhuria mazishi.

Warithi hawa, wakishavuka miaka miwili mitatu ya mwanzo, hukaa muda mrefu: Duvalier mdogo miaka 15, Bashar 24. Kabila alikaa 18, na miaka yake ya mwisho ilifanana na ya watawala wengine: maandamano yaliyozimwa kwa risasi na uchaguzi ulioahirishwa baada ya muhula wake kwisha Desemba 2016. Lakini katiba ya Februari 2006, iliyoandikwa wakati madaraka yalipogawanywa kwa makamu wanne, ilikuwa imempa mihula miwili tu, ikakataza kifungu hicho kubadilishwa, na kumtaja spika wa Seneti kuwa ndiye wa kushika nafasi ya rais ikiwa wazi. Alijaribu kuichelewesha, hakuweza kuifuta. Uchaguzi wa Desemba 2018 ulikuwa na kasoro nzito, na matokeo yake yalipingwa na Kanisa Katoliki lililokuwa na waangalizi wengi nchini kote. Tarehe 24 Januari 2019 Joseph Kabila alimkabidhi madaraka Félix Tshisekedi, aliyetangazwa mshindi, na kwa mara ya kwanza tangu uhuru wa mwaka 1960 Kongo ikawa na rais aliyetoka madarakani bila kupinduliwa wala kuuawa.