Kukompaili moduli ya Linux: hizo heda ziko wapi?

Juzi nilichelewa dakika 40 kwenye utetezi wa tasnifu ya mwanafunzi aliyekuwa Dar es Salaam. Jopo zima lanisubiri, na kosa si la mtandao wa Dar hata kidogo. Lilikuwa langu.

Kidude changu cha waifai, cha kuchomeka USB, draiva yake haimo ndani ya kerneli. Ni moduli ya nje, lazima uikompaili mwenyewe. Nayo inataka heda za kerneli ile ile inayoendesha mashine. Sio inayofanana nayo, ile ile!

Wengi wetu hukimbilia /usr/include/linux. Siko huko. Zile ni heda za programu za kawaida. Fedora ndiyo inachanganya zaidi: pakiti iitwayo kernel-headers ni hizo hizo za programu za kawaida, unayoitaka wewe ni kernel-devel. Basi usikariri njia, uliza mashine:

ls -l /lib/modules/$(uname -r)/build

Hiyo uname -r hutaja toleo linaloendesha mashine sasa hivi, na build ni kiungo kinachoelekeza heda ziliko. Kama hakipo, au kinaelekeza pasipo kitu, pakiti hujaiweka. Kwa Ubuntu na Debian:

sudo apt install linux-headers-$(uname -r)

Kisha, ukiwa ndani ya folda ya draiva:

make -C /lib/modules/$(uname -r)/build M=$PWD modules

Yaani make inakwenda kwanza kwenye mti wa kerneli, halafu M inaielekeza ilipo kazi yako.

Sasa mimi nilikwama wapi? Nilikuwa nimeshasasisha mfumo, kerneli mpya iko kwenye diski, ila sijawasha upya. Uname ikanipa toleo la zamani, nikakompaili, ikakubali, nikalala nimeridhika. Asubuhi nawasha, waifai hakuna: kerneli ni mpya, moduli ni ya jana. Na heda mpya utazipakuaje bila mtandao? Jamani! Nikajiunga kwa simu, majedwali ya yule kijana hata siyaoni. Jioni nikaichomeka simu kwa waya, nikatumia mtandao wake, dakika kumi kwisha.

Siku hizi kwenye Ubuntu naweka linux-headers-generic, heda zinaifuata kerneli zenyewe, na DKMS inakompaili upya kila kerneli mpya ikiingia. Ila ukiwa umewasha Secure Boot, moduli isiyotiwa sahihi itakataliwa hata ikikompailika vizuri.