Nyumba Inayojiendesha na Sinema ya Sebuleni: Mambo ya Kuchunguza Kabla ya Kununua

Taa inayojiwasha jua linapozama, pampu inayojizima tangi likijaa, runinga yenye spika tano zinazomzunguka mtazamaji: si muda mrefu uliopita mambo haya yalikuwa ya hoteli na ya nyumba za wenye uwezo mkubwa. Leo swichi inayopokea amri kutoka kwenye simu huuzwa Kariakoo kando ya balbu za kawaida, na mlaji mwenye bisibisi na subira huona kwamba anaweza kujifungia mfumo wake mwenyewe. Hatukusudii kumkatisha tamaa. Anayejifungia mfumo hupunguza gharama, na kitu kikiharibika anajua pa kuanzia. Hata hivyo, malalamiko mengi yanayotufikia kuhusu vifaa hivi yana sura moja: vifaa vilinunuliwa kwanza, nyumba ikachunguzwa baadaye.

Mlaji mmoja wa Mbezi alinunua swichi janja 12 kwa ajili ya nyumba nzima. Alipofungua kisanduku cha kwanza ukutani alikuta waya mbili, ilhali maelekezo ya swichi yalidai tatu. Muuzaji alikataa kuzipokea tena kwa sababu maboksi yalikwisha kufunguliwa. Kasoro haikuwa ya swichi wala ya ufundi mbaya wa nyumba. Katika nyumba nyingi kisanduku cha swichi hupata waya wa laivu unaoingia na waya unaoipeleka laivu hiyo kwenye taa; nyutro hupita juu ya dari na kuishia kwenye taa yenyewe. Swichi ya kawaida haihitaji zaidi ya hapo. Swichi janja, kwa upande wake, ina redio ndogo ndani yake ambayo sharti ipate umeme hata taa ikiwa imezimwa, na kwa hiyo huhitaji nyutro. Zipo swichi zilizotengenezwa kufanya kazi bila nyutro, lakini hupitisha umeme kidogo kupitia balbu, na balbu ndogo za LED huweza kumetameta au kubaki na mwanga hafifu usiku kucha. Kwa hiyo, kabla ya kununua, mwombe fundi azime swichi kuu, apime kwa testa kuhakikisha kwamba hakuna umeme, kisha afungue visanduku viwili au vitatu na kukueleza kilichomo. Nunua swichi moja. Iishi nayo mwezi mzima kabla ya kununua nyingine.

Jambo la pili ni uzito wa mzigo. Umeme wetu ni wa volti 230, na swichi iliyoandikwa ampea 10 haiwezi kubeba zaidi ya wati 2,300. Kwa taa hiyo ni zaidi ya kutosha. Lakini hita ya kuogea ya papo hapo yenye wati 5,500 huvuta karibu ampea 24, na kuifunga kwenye swichi ya ampea 10 ni kuandaa moto ukutani. Pampu ya maji nayo hudanganya: ya nguvu farasi 1 huonekana kuwa na wati 750 hivi, ilhali inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya kiasi hicho kwa muda mfupi. Kwa mizigo ya namna hiyo swichi janja haipaswi kubeba umeme wenyewe. Huamrisha kontakta, na kontakta ndiyo hubeba. Kazi hiyo, pamoja na yoyote inayogusa ubao mkuu wa umeme au waya wa ethi, mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA. Vihisi vya betri, vifaa vya kuchomeka kwenye soketi, waya za spika na upangaji wa programu ni kazi unazoweza kuzifanya mwenyewe bila hofu.

Wapo wanaoletewa vifaa na ndugu walioko ng'ambo. Kilichonunuliwa Dubai kwa kawaida huelewana na soketi zetu, kwa kuwa huko pia umeme ni wa volti 230 na plagi ni ya pini tatu za bapa. Kilichonunuliwa Marekani kisomwe kwanza kibandiko chake cha nyuma. Kikiandikwa 100–240 V, 50/60 Hz, kinahitaji plagi tu. Kikiandikwa 120 V peke yake, kama ilivyo kwa amplifaya nyingi za huko, kitaungua mara tu kitakapochomekwa bila transfoma yenye uwezo unaozidi matumizi yake. Redio za vifaa nazo hutofautiana: mfumo wa Z-Wave hutumia masafa ya megahezi 908 Marekani na 868 Ulaya, na kihisi cha huku hakisikilizani na kituo cha kule.

Umeme ukikatika, kinachoumiza vifaa mara nyingi ni kurudi kwake. Kinga inayochelewesha umeme kwa dakika chache hadi utulie, kama ile inayowekwa kwenye jokofu, inafaa pia kwa runinga na amplifaya. Aidha, tafuta katika mipangilio ya kila kifaa sehemu inayoeleza kitakachofanyika umeme ukirudi. Balbu nyingi janja huwaka zenyewe, na familia iliyolala huamshwa saa tisa usiku na taa za vyumba vyote. Hilo ni kero tu. Pampu inayojiwasha yenyewe hakuna mtu nyumbani ni hasara, kwa hiyo ipangwe kubaki imezimwa.

Sasa tuje kwenye swali ambalo wauzaji wachache hulijibu: kifaa ulichokinunua kinamtii nani? Swichi nyingi za bei nafuu hazipokei amri moja kwa moja kutoka kwenye simu yako. Amri huondoka sebuleni, husafiri kwa intaneti hadi kwenye seva ya kampuni katika nchi nyingine, kisha hurudi kwenye swichi iliyo mita tatu kutoka ulipoketi. Bando likiisha, swichi haisikii simu. Kampuni ikifunga seva, haisikii kamwe. Haya yamekwisha kutokea. Mwaka 2016 wateja wa Revolv nchini Marekani, waliokuwa wamelipa karibu dola 300 kwa kituo cha kuendeshea nyumba, walikiona kikiwa hakina kazi baada ya huduma yake kusimamishwa na kampuni iliyokuwa imeinunua. Aprili 2022 seva za Insteon zilizimika, na wateja hawakuwa wamepewa taarifa mapema.

Kipimo chake ni rahisi na kinaweza kufanyika dukani. Mwombe muuzaji aunganishe kifaa, kisha azime intaneti huku Wi-Fi ya ruta ikiendelea kuwaka, nawe ujaribu kukiamrisha. Kikitii, kinajitegemea. Vifaa vinavyofuata kiwango cha Matter, kilichotolewa mwaka 2022, vimekusudiwa kuamrishwa ndani ya nyumba yenyewe. Ipo pia programu ya bure iitwayo Home Assistant, iliyoanza mwaka 2013, ambayo huwekwa kwenye kompyuta ndogo na kuunganisha vifaa vya watengenezaji tofauti bila kupeleka amri nje. Tunaipendekeza kwa mwenye muda wa kujifunza. Asiye na muda huo atachoka nayo mapema, na hakuna aibu kubaki na vifaa vichache.

Swali hilo lina upande wa pili, nao ni usalama. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa njia isiyo ya kiufundi hata kidogo: ilijaribu maneno ya siri yaliyowekwa kiwandani, ambayo wenye vifaa hawakuwahi kuyabadilisha. Badilisha neno la siri siku ile ile unapofungua boksi. Kamera isiwekwe chumbani wala bafuni, na ile ya nje isielekee uani kwa jirani. Watu wote wanaoishi ndani ya nyumba, mfanyakazi wa nyumbani akiwa mmoja wao, waelezwe kamera ilipo na inarekodi nini. Tangu kupitishwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, picha na sauti za mtu si mali ya kuchezewa na anayezikusanya.

Kuhusu sinema ya sebuleni, udanganyifu mkubwa umo katika wati. Boksi la spika huandikwa wati 10,000 kwa herufi kubwa, na kando yake herufi PMPO. Kipimo hicho hakina maana kwa mlaji. Geuza amplifaya, usome kibandiko kinachoonyesha umeme inaoutumia. Ikiwa inatumia wati 80, haiwezi kutoa sauti ya wati 10,000. Hata soketi ya ampea 13 yenyewe haivuki wati 3,000 hivi. Kipimo cha kuulizia ni RMS, na kwa sebule ya kawaida wati 50 za RMS kwa kila spika zinatosha kuwasumbua majirani. Angalia pia idadi ya omu: amplifaya iliyotengenezwa kwa spika za omu 6 hadi 8 hupata joto kali ikifungiwa za omu 4.

Mpangilio wa spika haugharimu kitu, ilhali hubadilisha sauti kuliko fedha nyingi. Ya maongezi ikae katikati chini ya runinga. Za mbele ziwe kushoto na kulia, kila moja nyuzi 30 kutoka mstari wa katikati ukipimwa kutoka kwenye kiti. Za nyuma ziwe pembeni, nyuma kidogo ya masikio. Sebule zetu zenye vigae na kuta za saruji hurudisha mwangwi, na mara nyingi zulia na mapazia mazito huleta nafuu kubwa kuliko spika mpya. Kwa waya, shaba ya kawaida ya milimita za mraba 1.5 inatosha kwa umbali wa sebule; kwaruza ncha kabla ya kulipa, kwani ikionekana nyeupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Kebo ya HDMI inayozidi mita 10 huweza kushindwa kupitisha picha ya 4K, kwa hiyo ijaribu kabla ya kuifukia. Ipitishe katika bomba lake ili siku moja uweze kuibadilisha bila kuvunja ukuta, na waya za spika zisichangie bomba na umeme wa volti 230.

Amplifaya iliyoachwa ikiwaka bila kutumika huweza kuvuta wati 50. Kwa saa 24 hiyo ni uniti 1.2, na kwa mwezi uniti 36 za LUKU. Hapa soketi janja inayoizima usiku hurudisha gharama yake.

Dai risiti ya EFD yenye jina kamili la kifaa, na masharti ya dhamana yaandikwe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 humlinda mlaji dhidi ya maelezo ya kupotosha kuhusu bidhaa, lakini aliyeambiwa kwa mdomo kwamba kifaa hufanya kazi bila intaneti hupata shida kuthibitisha. Mwombe muuzaji aandike maneno hayo nyuma ya risiti na kutia saini. Ukija kulalamika, njoo na risiti hiyo, boksi, na picha ya kibandiko cha nyuma ya kifaa.