Pilipili kali: Mjue mnunuzi kabla hujanunua mbegu

WASWAHILI wana msemo kwamba pilipili iliyo shamba yakuwashia nini. Msemo huo unamfaa mtu anayejiingiza katika mambo yasiyomhusu, lakini haumfai mkulima. Kwake yeye pilipili iliyo shamba ndiyo inayowasha hasa, maana ndani yake mna mkopo wa SACCOS, ada ya watoto na jasho la miezi mitano au sita.

Wakulima wengi wanaotaka kuanza zao hili huuliza kwanza mbegu inapatikana wapi. Swali linalopaswa kutangulia ni jingine: nani atanunua, na anaitaka pilipili ikiwa katika hali gani? Jibu la swali hilo ndilo linalochagua mbegu.

Makala haya yanaeleza aina za pilipili kali zinazolimwa zaidi nchini, hesabu za kufanya kabla ya kuamua, na mambo ya kuangalia kwenye mbegu kabla ya kuisia kitaluni.

Somo la Mvomero

Mwandishi wa makala haya alilipata somo hilo kwa gharama. Mwaka wa kwanza baada ya kumaliza chuo, nililima nusu eka ya pilipili pamoja na mjomba wangu wilayani Mvomero, mkoani Morogoro. Paketi ya mbegu dukani tuliiona ghali. Tukanunua sokoni sado moja ya pilipili ndefu, nyekundu na za kupendeza, tukazikamua mbegu, tukaanika na kusia.

Miche iliota vizuri na majirani wakatusifu. Matatizo yalianza pilipili zilipokomaa. Baadhi ya miche ilizaa pilipili ndefu kama tulivyotarajia, mingine ikazaa fupi na nene, na mingine pilipili zake hazikuwasha kabisa.

Mfanyabiashara aliyeahidi kuchukua mzigo mkavu alitia mkono ndani ya gunia, akachota, akatikisa kichwa. "Mzee wangu, hapa kuna mizigo mitatu ndani ya gunia moja," alimwambia mjomba. Tuliishia kuuza kwa wasaga pilipili wa mtaani kwa bei ya kutupa, na fedha hazikutosha hata kulipa vibarua.

Mjomba hakukasirika. Aliniuliza tu, "Hivi huko chuoni hawakuwafundisha habari za mbegu?" Sikuwa na jibu, kwa sababu walikuwa wametufundisha.

Aina tatu za kuanzia

Pilipili zote, kuanzia hoho isiyowasha hadi kichaa, ni za ukoo mmoja unaoitwa Capsicum. Asili yake ni Amerika, na zililetwa Afrika na Wareno kuanzia karne ya 16. Pilipili manga haimo katika ukoo huu. Ni mmea mwingine kabisa.

Kwa mkulima wa Tanzania, aina za kufikiria kwanza ni tatu.

Ya kwanza ni pilipili kichaa. Punje zake ni ndogo, zimechongoka na hukaa zikielekea juu. Ngozi yake ni nyembamba, hivyo hukauka vizuri. Mmea unaweza kuendelea kuzaa kwa zaidi ya mwaka mmoja ukitunzwa.

Ya pili ni pilipili mbuzi. Hii ni ya duara au yenye mikunjo, hunukia kama tunda, na huiva ikiwa nyekundu, ya njano au ya rangi ya chungwa. Hupenda joto. Wanunuzi wake ni akina mama wa majumbani, mama lishe, wauza chipsi na mishikaki, watengenezaji wa achari na pilipili za chupa, pamoja na wanaosafirisha nje.

Ya tatu ni pilipili ndefu, ambazo wafanyabiashara wengi huziita kayeni. Hizi huwahi kuzaa kuliko nyingine mbili, huchumwa haraka na hukaushwa kwa ajili ya kusagwa.

Ukali hupimwa kwa kipimo kilichobuniwa mwaka 1912 na Mmarekani Wilbur Scoville. Kwa kipimo hicho, pilipili ndefu za kayeni huwa kati ya 30,000 na 50,000, na pilipili mbuzi kati ya 100,000 na 350,000. Kichaa kwa kawaida huwa juu ya kayeni.

Wapo vijana wanaovutiwa na aina zinazovunja rekodi za dunia, kama Pepper X iliyotangazwa mwaka 2023 kwa wastani wa zaidi ya milioni 2.6. Ukitaka kujaribu miche miwili mitatu nyuma ya nyumba hakuna ubaya. Lakini mama anayepika mchuzi Mabibo au Ilala hainunui, na mkulima halimi rekodi, analima mauzo.

Mbichi au kavu?

Hili ndilo jambo la kwanza la kumuuliza mnunuzi. Pilipili ya kukausha inatakiwa iwe na nyama nyembamba. Yenye nyama nene huchelewa kukauka, huota ukungu na kuoza ikiwa bado mkekani. Kwa upande mwingine, mtengenezaji wa pilipili za chupa anataka nyama nene, kwa sababu ndiyo inayojaza chupa.

Hesabu yake ni hii. Ili kupata kilo moja kavu, unahitaji takriban kilo nne mbichi. Tuseme kwa mfano mbichi inauzwa Sh1,500 kwa kilo shambani. Kilo nne ni Sh6,000. Mnunuzi wa kavu akikupa Sh6,000 kwa kilo, bado hujapata kitu, kwa sababu hujahesabu vibarua wa kuanika, mikeka, na punje zitakazotupwa kwa kuharibika. Weka bei halisi za eneo lako badala ya hizi, kisha uamue.

Hata hivyo, pilipili kavu ina faida moja kubwa: haimlazimishi mkulima kuuza leo. Kwa aliye mbali na barabara ya lami, faida hiyo inaweza kuzidi tofauti ya bei.

Pima mkono unaochuma

Gharama inayosahauliwa zaidi katika kilimo cha pilipili ni ya uchumaji. Punje ya kichaa kwa kawaida haifiki hata gramu moja. Maana yake ni kwamba kilo moja ni punje zaidi ya 1,000, na kila moja inachumwa kwa vidole. Pilipili mbuzi yenye gramu nane hivi inahitaji punje 125 tu kufikia kilo hiyo hiyo.

Chukua mfano wa kibarua anayelipwa Sh5,000 kwa siku. Akichuma kilo 25 za pilipili mbuzi, kila kilo imekugharimu Sh200. Akichuma kilo nne za kichaa, kila kilo imekugharimu Sh1,250. Ndiyo maana bei ya kichaa inayosikika kuwa nzuri huweza kuishia mikononi mwa wachumaji.

Ushauri wangu ni kwamba kabla hujaamua, nenda kwa jirani mwenye shamba la aina unayoitaka, umwombe uchume kwa saa moja, kisha upime ulichopata kwenye mizani. Saa hiyo moja itakufundisha kuliko semina. Familia yenye watu wazima wengi nyumbani inaweza kuimudu kichaa. Anayetegemea vibarua watupu afikirie mara mbili.

Chotara au ya kawaida?

Mbegu zinazouzwa madukani ziko za makundi mawili. Kuna chotara, ambazo hupatikana kwa kuchanganya wazazi wawili tofauti, na kuna za kawaida, ambazo kizazi chake hufanana na mzazi endapo hazikuchanganyika na nyingine shambani.

Chotara kwa kawaida huzaa kwa wingi, matunda yake hulingana, na baadhi huvumilia magonjwa. Bei yake ni kubwa, na mbegu utakazokamua kutoka kwenye matunda yake hazitakupa miche inayofanana. Hilo ni mojawapo ya mambo yaliyotupata sisi Mvomero: hatukujua pilipili za kwenye sado zilitoka katika shamba gani, wala kama zilikuwa chotara.

Mbegu za kawaida unaweza kuzihifadhi mwenyewe, lakini kwa masharti. Pilipili hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, ila nyuki na wadudu wengine hubeba chavua kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Anayetaka mbegu safi hushauriwa kutenganisha aina moja na nyingine kwa mita 300 hadi 500.

Hapa kuna imani ya kusahihisha. Wakulima wengi husema hoho ikipandwa karibu na kichaa itawasha. Tunda la msimu huu haliwashi, kwa sababu ukali wake unaamuliwa na mmea wenyewe uliolizaa. Kinachobadilika ni mbegu iliyo ndani. Ukiipanda msimu ujao, hoho yako huweza kuzaa matunda yanayowasha, na mteja hatarudi tena.

Ukikamua mbegu zako, chagua kwanza mche na si tunda. Tafuta mche wenye afya, uliozaa vizuri, usio na majani yaliyojikunja wala madoa, kisha uache matunda yake yaive kabisa. Mbegu hizo kausha kivulini.

Kwenye duka

Unaponunua, hakikisha paketi ni ya kiwandani, haijafunguliwa, na ina jina la aina, tarehe ya mwisho ya matumizi na kiwango cha uotaji. Tafuta pia lebo ya Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI), na udai risiti. Mbegu zikikataa kuota, mkulima asiye na risiti hana pa kuanzia.

Kisha fanya jaribio la uotaji. Hesabu mbegu 100, zifunge ndani ya kitambaa chenye unyevu na uziweke mahali penye joto. Pilipili ndefu nyingi huota ndani ya siku 7 hadi 14. Kichaa na mbuzi huweza kuchukua wiki tatu hadi nne, kwa hiyo usizitupe mapema ukadhani zimekufa.

Jaribio hilo linakupa hesabu ya mbegu. Kwa nafasi ya sentimita 90 kwa 60, eka moja huchukua miche ipatayo 7,500. Kama mbegu 70 kati ya 100 zimeota, unahitaji kusia mbegu zipatazo 10,700, na uongeze kidogo kwa ajili ya miche itakayokufa kitaluni.

Kwa mbegu ulizokamua mwenyewe, kuziloweka katika maji ya nyuzi joto 50 kwa dakika 25 hadi 30 kunapunguza vimelea vya magonjwa. Tumia kipimajoto, kwani maji yakizidi joto mbegu zitaiva. Aidha, usipande pilipili mahali palipotoka nyanya, bilinganya, viazi mviringo au tumbaku, kwa kuwa mazao hayo huambukizana mnyauko.

Panga siku kwa kurudi nyuma

Pilipili ya kukausha isikomae wakati wa mvua. Kwa maeneo ya Tanga na Morogoro yenye masika ya Machi hadi Mei, anayesia pilipili ndefu mwishoni mwa Februari huhamishia miche shambani katikati ya Aprili na kuanza kuchuma Julai, jua likiwa kali. Kichaa huchelewa zaidi na uchumaji wake huweza kuingia kwenye vuli, hivyo mkulima wake ajenge mapema kichanja chenye paa la nailoni. Kuanika chini kwenye udongo ni kukaribisha ukungu wenye sumukuvu.

Anayetazama Ulaya

Soko la Ulaya lina bei, lakini lina masharti. Tangu Januari 2018, Umoja wa Ulaya unadai uthibitisho kwamba pilipili mbichi kutoka Afrika hazina nondo anayeitwa kitaalamu Thaumatotibia leucotreta. Kiwavi wake huingia ndani ya tunda, na kwa nje huonekana zima. Uganda, inayouza pilipili mbuzi Ulaya, imewahi kukamatiwa mizigo mingi kwa sababu yake.

Nondo huyo hushambulia pia machungwa. Mkulima wa Muheza anayetaka kulima pilipili za kusafirisha katikati ya michungwa anajitafutia hasara kabla hajasia. Huyo afikirie pilipili za kukausha au za soko la ndani. Wengine waonane na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) kabla ya kupanda, na wasisubiri hadi siku ya kusafirisha.

Anza na mistari michache

Kwa anayeanza, usilime eka nzima. Chagua aina mbili, panda mistari michache ya kila moja, uchume, upime, ukaushe, kisha umpelekee mnunuzi kilo moja ya mfano. Akisema anataka kama hiyo, mwulize anataka kiasi gani na kwa bei gani, na mkiandikishana ni vizuri zaidi. Hapo ndipo ununue mbegu za eka.

Mjomba wangu ndivyo alivyofanya msimu uliofuata. Alipanda pilipili mbuzi peke yake, mbegu ya paketi, kwa ajili ya mama mmoja wa mjini Morogoro anayetengeneza achari. Alianza na robo eka tu, na mara hii hakuna aliyetia mkono ndani ya gunia akatikisa kichwa.