Ndege wa Kwanza Hana Miguu

Karibu kila aliyesomea shule ya msingi nchini Kenya amewahi kuchonga. Wembe mkononi, penseli katikati ya vidole, na kile kiganda chembamba kinachojikunja kabla ya kuanguka chini ya dawati. Kiswahili hakioni tofauti kati ya kazi hiyo na ya anayetengeneza sanamu. Zote ni kuchonga. Hata mchongoano, utani wa watoto wa mitaani Nairobi, ni wa ukoo huohuo wa maneno.

Kwa hivyo mkazi wa mtaa wa Kangemi, Nairobi, anayetamani kuchonga sanamu yake ya kwanza hana safari ndefu. Mti uko karibu: fundi wa vitanda hambanii mtu vipande vya saiprasi vilivyobaki baada ya msumeno, na upande wa Loresho na Westlands mijakaranda hukatwa matawi. Anachohitaji kununua ni kisu kifupi, msasa na plasta. Kisu kiwe kikali. Kisu butu ndicho hatari zaidi, maana humfanya mtu asukume kwa nguvu, na kikiteleza hakichagui kati ya mti na kidole. Wahenga walikwisha kulisema: mchonga mwiko hukimbiza mkonowe.

Wengi hudhani sanamu za mbao zinazouzwa Maasai Market ni urithi wa kale sana. Vigoda na miko, naam. Sanamu za kuuza, hapana. Biashara hiyo ina umri wa takriban miaka 100 tu. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Mkamba mmoja wa Wamunyu, Mutisya Munge, alipelekwa Tanganyika na huko akakutana na wachongaji waliotoa sura za watu katika mti mgumu. Vita vilipoisha akarudi Wamunyu na ujuzi huo, akaanza kuchonga, na jamaa na majirani wakajifunza kwake. Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba walioko Mombasa wakaanzisha ushirika wao Changamwe. Wa Nairobi wengi utawapata Gikomba. Kifaa chao kikuu ni tezo. Tezo humenya mti kwa kasi ya ajabu, lakini anayeanza aiache kwanza: mkono mmoja hupiga huku mwingine, au mguu, umeshikilia kipande palepale makali yanapoelekea.

Mti wao wa miaka mingi ulikuwa mpingo na muhugu, ambao watu wa Pwani huuita muhuhu. Muhugu huota hata katika Msitu wa Karura, si mbali na Kangemi, lakini hukua polepole mno, na kuanzia miaka ya 1990 mashirika ya uhifadhi yakawahimiza wachongaji wageukie mwembe, mwarobaini na mjakaranda. Mjakaranda wenyewe ni mgeni kutoka Amerika Kusini, ulioletwa kupamba barabara. Ni mwepesi na laini, na hapo ndipo mwanafunzi anaponufaika. (Huyo twiga mweusi tititi anayeitwa mpingo sokoni huenda ni mjakaranda uliopakwa rangi ya viatu. Mpingo halisi ni mzito. Ukiutia majini unazama.)

Sasa kazi yenyewe. Wengi hutamani kuanza na simba au uso wa mtu. Waanze na ndege aliyelala kwa tumbo, asiye na miguu, kwa sababu miguu myembamba huvunjika mapema na kukatisha tamaa. Kipande kiwe na urefu wa kiganja. Kabla ya kuchora chochote, kitazamwe: mistari ya mti inaelekea wapi? Mdomo na mkia lazima vifuate mistari hiyo. Mdomo uliochongwa kuikatiza utang'oka kwa kidole tu.

Kisha ndege achorwe ubavuni kwa penseli, na pembe kubwa zitolewe kwa msumeno. Kisu huingia baadaye, na sheria yake kuu ni moja: kuteremka. Makali hutoka penye unene kwenda penye wembamba, kutoka kifuani kwenda mkiani, kamwe si kinyume. Shingoni, ambapo pana bonde, mtu hukata kutoka upande wa kichwa hadi katikati, anageuza kipande, halafu anakuja kutoka upande wa mgongo mpaka mikato ikutane. Akipanda mlima badala ya kushuka, kisu hunasa, mti hupasuka, na kichwa huondoka na nusu ya bega.

Mikato iwe ya aina mbili. Ya kuondoa mti mwingi husukumwa mbele, mbali na mwili, kama muuza miwa anavyomenya muwa. Ya kurekebisha huvutwa kidogokidogo kuelekea kidole gumba, kama anayemenya kiazi, na hapo ndipo plasta iliyozungushwa kwenye gumba hujilipa. Macho yaachwe hadi mwisho. Anayechonga macho kabla kichwa hakijakaa sawa atayafuta yote mawili wakati wa kukisawazisha.

Msasa huanza na wa 80, kisha 120, kisha 240, ukifuata mistari ya mti.

Tatizo moja hujitokeza baadaye. Mjakaranda mbichi huchongeka vizuri, ila ukiachwa juani siku ya kwanza hupasuka, kwa kuwa nje hukauka na kusinyaa wakati ndani kungali na maji. Dawa ni kumzika ndege huyo ndani ya vumbi la msumeno, ama kumfunga kwenye mfuko wa karatasi na kumweka kivulini kwa wiki kadhaa. Ufa ukijitokeza hata hivyo, vumbi la mti uleule huchanganywa na gundi nyeupe ya mbao, likapachikwa kwa ncha ya kisu na kupigwa msasa likikauka.