Rada ya Mbeya, tonado za Alabama na mvua ya mawe ya Mwakata

Rada ya hali ya hewa iliyofungwa Mbeya, inayotazama mvua za Songwe na Nyanda za Juu Kusini Magharibi, imeundwa na kampuni ya EEC katika mji mdogo wa Enterprise, jimbo la Alabama, Marekani. Machi 1, 2007, mji huohuo ulipigwa na tonado mchana kweupe. Wanafunzi wanane wa sekondari walifariki walipoangukiwa na jengo la shule wakiwa wamejikinga kwenye korido. Ving'ora vilikuwa vimeshalia.

Naanza na habari hiyo kwa sababu ndugu zetu wa Chitete, Tunduma na Kamsamba, mkoani Songwe, hutuuliza sana sisi tulioko huku ughaibuni: Wamarekani wana mitambo yote ile, mbona bado wanakufa? Na mambo hayo yanaweza kufika kwetu?

Tonado ni mtoto wa wingu linalozunguka. Huko Marekani, mwezi wa nne na wa tano, hewa ya joto yenye unyevu hupanda kutoka Ghuba ya Mexico ikakutana na hewa kavu ya magharibi, huku juu kabisa ukipita upepo wenye kasi kubwa. Chini unavuma huku, juu unavuma kule, na wingu lililo katikati huanza kujizungusha. Songwe iko karibu na ikweta, na msimu wa mvua upepo wa juu huwa hauna nguvu hiyo. Wingu letu hukua kwa haraka, hupiga, hufa. Ndiyo maana tonado kwetu ni nadra. Kisulisuli cha vumbi cha kiangazi ni kitu kingine kabisa.

Lakini wingu la radi la kwetu halina huruma. Upepo unaoporomoka kutoka ndani yake unaezua mabati ya shule nzima kwa dakika chache. Na mvua ya mawe Afrika Mashariki ni jambo kubwa kuliko wengi wanavyodhani: Kericho na Nandi, kwenye chai ya Kenya, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mawe mara nyingi zaidi duniani, kiasi kwamba miaka ya 1960 zilirushwa ndege za kunyunyiza kemikali mawinguni kujaribu kuyapunguza. Chembe ya barafu hupandishwa na hewa, ikalowa, ikaganda tena, ikanenepa mpaka hewa ishindwe kuibeba. Nchi ikiwa ya juu, barafu hiyo haipati muda wa kuyeyuka kabla ya kutua.

Wa kukumbukwa zaidi ni usiku wa Machi 3, 2015, katika kata ya Mwakata, Kahama. Mvua ya mawe na upepo viliwakuta watu wamelala. Kuta za tope zililowa zikawaporomokea, na zaidi ya watu 40 walifariki. Hakukuwa na tonado pale. Lilikuwa wingu la radi, nyumba dhaifu na usiku, na hakuna aliyewaamsha.

Je, wingu la namna hiyo linafuatiliwaje? Setilaiti za Ulaya za Meteosat hupiga picha ya Afrika kila baada ya dakika chache, na mtaalamu huona kichwa cha wingu kikipanda na kupoa. Rada hutoa mwali unaogonga matone na mawe ukarudi, ikionyesha mvua iko wapi na inaelekea wapi. Hapo kuna jambo ambalo watu wa Wilaya ya Momba wanastahili kuelezwa. Dunia ni mviringo na mwali umeinuliwa kidogo, kwa hiyo kila unavyokwenda mbali ndivyo unavyopaa. Ukiinuliwa nusu nyuzi tu, kwenye kilomita 100 uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa rada. Kutoka Mbeya mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 100 kwa barabara, na bonde la Momba liko chini zaidi. Rada italiona tumbo la wingu. Kinachotokea chini kwenye mapaa inaweza isikione. Ndiyo sababu taarifa ya mtu aliyeko Chitete, mwenye kipimo cha mvua na simu, ina thamani kubwa.

Mafuriko nayo yana njia yake. Maji ya Mto Momba huishia Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutokea. Mvua ikinyesha sana juu, mashamba ya mpunga ya Kamsamba yanaweza kujaa maji hata kama mbingu ya hapo ni safi.

Lakini kuliona wingu peke yake hakutoshi. Aprili 27, 2011, siku tonado zilipoua zaidi ya watu 300 kusini mwa Marekani, tahadhari zilitolewa kwa wastani wa dakika 20 na zaidi kabla. Ila dhoruba za asubuhi zilikuwa zimekata umeme sehemu nyingi za Alabama, na jioni wengi hawakuwa na redio wala televisheni ya kuwaambia. Mimi naona hapo ndipo kazi ilipo, kwao na kwetu: kati ya ofisi ya mtabiri na sikio la mtu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa siku tano wenye rangi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Msimu wetu ni mmoja, Novemba hadi Aprili. Wewe uliye ughaibuni mwenye bando la kutosha, ukiona Songwe imepakwa rangi ya chungwa, usiishie kusambaza picha kwenye kundi la WhatsApp. Piga simu nyumbani kabla hawajalala, uliza ukuta wa nyuma ukoje, na waambie watoto walale chumba chenye tofali za kuchoma.